Miimo ya Mlango wa Uani: Shajara ya Meza ya Bibi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mvua za Machi ziliulaza ukuta wa jiko la uani nyumbani kwa Bibi, Mikindani. Ulikuwa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo maji yakishaupata kwa juu, chokaa hulegea kidogo kidogo mpaka siku moja mawe yanashuka yenyewe. Hakuna aliyeumia. Kilichobaki wima ni mlango: miimo miwili, kizingiti cha juu na cha chini, na ubawa wake ukining'inia kwenye bawaba moja. Leo nimekwenda na mtaimbo kuung'oa, maana Mjomba alikwisha kuuhesabu kuwa kuni.

Nilikwangua mwimo mmoja kwa kisu. Chini ya masizi na chokaa ukatokea wekundu wa hudhurungi, mbao imekaza kama jana tu ilitoka msituni. Mkongo. Wapo wanaouita mbambakofi. Ndio mti ambao mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu tulizichezea sote utotoni. Mjomba nimemwomba aniachie, naye kaniachia kwa sharti kwamba kuni za wiki nzima ninunue mimi.

Nyumba yenyewe iko bondeni, chini ya kilima lilipo Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895. Mlango wa mbele una nakshi. Huo haujaguswa na hautaguswa. Huu wa uani haukuwa na urembo: mbao tatu pana zilizosimama, mataruma mawili ya kuzishika kwa nyuma, na komeo la chuma. Aprili 2019, tulipotangaziwa kwamba kimbunga Kenneth kinakuja na watu wakaanza kuhamishwa, Bibi aligoma kutoka mpaka mlango huu ukomewe mbele ya macho yake. Kimbunga kikaenda kupiga Msumbiji. Mlango ukabaki umekomewa siku tatu.

Sasa haja. Magoti ya Bibi yamekataa mkeka. Tangu mwaka jana akikaa chini hainuki bila kushikwa mkono, kwa hiyo anakula kwenye kiti, sahani kaipakata, kikombe cha chai kiko sakafuni anakiinamia. Mara mbili amekipiga teke. Nikamwambia nitamtengenezea meza ndogo kwa mbao za mlango wake mwenyewe. Akatoa masharti mawili: isimfanye ainue mabega, na aweze kuisogeza peke yake bila kumwita mtu.

Hili la pili ndilo linaloniumiza kichwa. Mkongo ni mzito.

Kimo nimekipima leo leo. Nilipanga matofali pande mbili, nikalaza ubao juu, na chini ya ubao nikagongomea kipande kuonyesha fremu itakapofika. Bibi akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, sahani ya wali mbele yake, mimi nikawa naongeza na kupunguza. Kwenye sm 62 akasema anajiona yuko darasani. Kwenye sm 54 magoti yakagonga. Tukaafikiana 57. Uso nimeupangia sm 62 kwa 42: hapo inakaa sahani, bakuli la mchuzi, kikombe na redio yake.

Kazi yangu ni ya ghala la korosho, na toka sasa mpaka minada ianze Oktoba, Jumamosi zangu ni zangu. Kipupwe hakina mvua. Wakati mzuri wa mbao.

Jumapili, 15 Juni

Siku nzima misumari.

Ni misumari ya kufuliwa, ya pembe nne, imeshikana na kutu. Ukiivuta kwa pupa kichwa kinakatika na mwili unabaki ndani, kisha siku ya kupiga randa unakutana nao. Nilichofanya ni kuugonga kwanza kwa nyuma, ncha irudi kidogo, halafu kuukamata kwa koleo na kuuzungusha taratibu mpaka uachie. Chini ya nyundo ya kung'olea naweka kipande cha mbao ili nisiuumize uso. Imetoka 31. Minne imekatikia ndani.

Hiyo minne nimeitafuta kwa sumaku ya spika mbovu. Unaifunga kwenye uzi, unaipitisha polepole juu ya mbao. Ikifika penye chuma inavutwa, uzi unainama. Hapo nachora duara kwa chaki. Kwa yeyote anayetaka kutumia mbao za nyumba iliyovunjwa, hiki ndicho chombo cha kwanza kutafuta, kabla hata ya msumeno.

Kisha brashi ya waya. Chokaa na mchanga vimejificha kwenye kila ufa, na punje moja ya mchanga inamaliza makali ya randa kwa mkupuo mmoja.

Hali ya mali ni hii. Miimo miwili, kila mmoja futi 7, inchi 4 kwa 5. Chini karibu futi moja imeoza, maana hapo ndipo maji ya kuogea yalikuwa yanapita. Juu ya hapo mzima kabisa, mchwa hawakuuthubutu. Mbao tatu za ubawa, inchi moja unene, inchi 8 upana, nazo za mkongo. Mataruma si mkongo. Yametobolewa na bungua. Nilipoyagonga yakamwaga unga kama kibuyu cha pilipili. Nilikuwa nimeyatarajia yawe mbao za fremu chini ya uso. Nimempa Mjomba.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda kwa Babu. Si babu wa damu. Ni fundi wa madau aliyestaafu, kibanda chake cha makuti kiko karibu na maji, na vijana wote wa Mikindani tunamwita hivyo. Nikamwamkia, nikamweleza meza, nikamwonyesha kipande cha mwimo. Alikinusa kwanza. Kisha akaniuliza nina vyombo gani. Nikamtajia msumeno wangu wa dukani, nyundo na futikamba.

"Basi huna," akasema, bila ubaya wowote.

Ameniazima msumeno wa kupasulia, randa ya chuma, patasi mbili za nusu inchi na robo inchi, guni ya kupimia pembe, na mahati ya kuchorea mistari aliyoichonga mwenyewe kwa mpingo. Halafu akaniambia: "Leo hukati kitu, mjukuu wangu. Leo unanoa."

Nikanoa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhana ya Alasiri, nikitoka tu kwenda kuswali na kula. Na sijutii hata saa moja ya siku hiyo, kwa sababu ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka yote nililikosa: msumeno wa kupasulia kwa urefu na wa kukatia kwa upana si kitu kimoja. Meno ya kupasulia yamesimama wima na ncha zake ni bapa, kila jino ni patasi ndogo inayochimba kufuata nyuzi. Ya kukatia yamechongoka kama visu, kwa kuwa kazi yake ni kuzikata nyuzi. Msumeno wangu wa dukani ni wa kukatia. Ndio maana kila nilipojaribu kupasua ubao nao nilitoka jasho nikapata unga tu.

Babu aliubana msumeno katikati ya mbao mbili, akanipa tupa ya pembe tatu. Kila jino mapigo mawili, unasukuma mbele, huivuti nyuma ikiwa imegusa. Kabla ya hapo anapitisha tupa bapa juu ya meno yote ili yawe kimo kimoja. Jino lililo fupi litaonekana kwa sababu halikung'aa. Chuma cha randa na patasi tulizinoa kwa msasa wa maji uliobandikwa kwenye kioo, kwanza 400, kisha 1000, mgongo wa chuma ukilazwa bapa mpaka uone sura yako. Mwisho ukanda wa ngozi.

Kila kilichonolewa kilipakwa mafuta ya nazi kabla ya kuwekwa. Hewa ya bahari hapa hailazi chuma kikavu usiku mmoja bila kukitia kutu.

Jumamosi, 28 Juni

Kupasua.

Nilikuwa nimejiandaa kuupasua mwimo mzima wa futi 6 kwa urefu wake. Babu akanizuia. Kwa nini upasue mbao ambayo mwisho utaikata? Kata kipande cha mguu kwanza, ndipo upasue. Nikakata sm 60, nikapata gogo la sm 10 kwa 12 na nusu. Ndani yake imo miguu yote minne: pasuo moja linaligawa, mawili yanagawa nusu zake.

Pasuo la kwanza limenichukua saa moja na dakika kumi.

Nieleze, kwa sababu kuna maarifa humu. Mstari unachorwa pande zote nne kwa mahati, si upande mmoja. Unaanza pembeni, msumeno umelala, ukiona mistari miwili kwa mpigo: ule wa juu na ule wa mbele yako. Ukishuka kidogo upande huu, unageuza gogo, unashuka upande wa pili, na njia uliyokwisha kuikata inauongoza msumeno kwenye njia mpya. Ukikata upande mmoja tu hutajua nyuma umepotea kiasi gani mpaka uchelewe. Ukitaka kulazimisha kwa nguvu ya bega, msumeno unapinda. Nguvu ni ya kuusukuma mbele. Chini unashuka kwa uzito wake. Niliposhika njia, sauti ikabadilika kutoka kukwaruza kuwa kama mtu anayevuta pumzi usingizini, na hapo ndipo nikajua sihitaji kuangalia saa.

Mshumaa nimeupaka ubavuni mwa msumeno mara tano. Penye njia iliyotaka kujifunga nimeweka kabari nyembamba nyuma ya msumeno. Unga wa mkongo unawasha pua vibaya. Nusu saa ya kwanza nilipiga chafya mfululizo mpaka nikajifunga kitambaa.

Mapasuo mengine mawili yalikuwa rahisi zaidi kwa sababu kina kilipungua. Jua linazama nina miguu minne ghafi na mikono siwezi kuikunja. Bibi alipita na kikombe cha tangawizi. "Mume wangu," akasema, akiziangalia zile fimbo nne, "meza iko wapi?"

Jumamosi, 5 Julai

Mbao za fremu kutoka mwimo wa pili. Kazi ile ile, nyembamba zaidi. Mbili za sm 53 na mbili za sm 33, ndimi zikihesabiwa ndani. Mabega yangu sasa yameuzoea msumeno.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, ghala limefungwa. Nimepiga randa.

Mkongo una tabia ya nyuzi kupishana: ukanda huu umelalia kushoto, wa jirani umelalia kulia. Randa ikienda vizuri hapa, pale inang'oa vipande na kuacha shimo kama ngozi iliyochunika. Geuza upande, panapong'oka panahama tu. Dawa niliyopewa ni tatu kwa pamoja: chuma kitoke kiasi cha unywele, lile bamba linalokaa juu ya chuma lisogezwe mpaka karibu kabisa na makali, na randa isukumwe kwa mshazari. Maranda yanatoka membamba, unayaona mwanga upande wa pili. Kazi inakuwa ndefu mara tatu. Lakini uso uliopigwa randa hivi hauhitaji msasa sana, na unang'aa wenyewe kabla ya kupakwa chochote.

Saa tano nilisikia mlio mdogo, tiki. Msumari. Si mmojawapo wa ile minne ya chaki. Ncha ya wa tano, fupi kama punje ya mchele, sumaku ilipita juu yake haraka. Makali ya randa ya Babu yamepata pengo. Nilimpelekea mwenyewe, nikamwomba radhi. Aliangalia, akanipa kioo na msasa. Saa moja na nusu kurudisha makali.

Jioni nikapeleka vipande vyote dukani kwa jirani, kwenye mizani ya kupimia sukari. Kilo 10 na nusu.

Nimekaa na namba hiyo barazani muda mrefu. Bibi hawezi kusogeza kilo 10 na nusu. Anaweza kuiburura siku akiwa na nguvu, na siku magoti yakimuuma ataiacha juani na redio yake. Ningeweza kuibadilisha mbao; mbao laini za yale makreti ya kupakulia mizigo zingekuwa nusu ya uzito. Lakini mchwa wangezila kwa mvua mbili, na yeye nilimwahidi mlango wake. Kwa hiyo nimeamua kupunguza mwili, si kubadilisha mti. Uso kutoka sm 2 na nusu mpaka sm 1.8. Miguu kutoka 4.8 mpaka 4, na chini ya fremu ikonde kwa ndani mpaka iishie 2.8. Mkongo una nguvu za kutosha kuwa mwembamba. Ndiyo faida ya mti mgumu, na karibu niitupe.

Jumamosi, 12 Julai

Matundu na ndimi.

Kila kiungo ni ulimi wa mbao ya fremu unaoingia kwenye tundu la mguu. Unene wa ulimi ni theluthi ya ubao. Mbao zangu ni sm 2, kwa hiyo patasi ya robo inchi inafaa kabisa, upana wa patasi ndio upana wa tundu. Kina sm 2 na nusu. Matundu mawili ya mguu mmoja yanakutana ndani, basi ncha za ndimi zinakatwa mshazari ili zisigombanie nafasi.

Patasi unaishika wima, unaanza katikati ya tundu na kurudi nyuma kwa hatua za milimita tatu, unageuka, unakwenda upande wa pili. Hukongoi taka mpaka umefika ncha. Sehemu za kingo unaziacha za mwisho, kwa sababu ndizo zitakazopondwa na patasi unapokongoa. Tundu la kwanza dakika arobaini. La sita dakika kumi na nane.

La saba nimelichimba upande usio wake.

Nilikuwa nimepumzika kuswali Adhuhuri, nikarudi, nikaokota mguu, nikaubana, nikachimba. Tundu safi, zuri kuliko yote, likiangalia nje ya meza. Alama ya penseli ilikuwepo lakini niliiweka upande mmoja tu, na ulikuwa umelala chini. Sasa nimejua: miguu yote minne inasimamishwa pamoja kama itakavyosimama, na juu ya vichwa vyake vyote unachora duara moja kubwa linalopita kwenye minne. Ukiokota mguu wowote, kipande chake cha duara kinakuambia katikati ya meza iko wapi.

Ningeweza kulizibia kiraka. Kiraka kingeshika. Lakini kingekuwa mbele, upande wa Bibi, na mimi ningekiona kila nikila kwake. Mwimo wa kwanza umebaki futi nne nzima, kwa hiyo nimerudi kwenye msumeno.

Jumapili, 13 Julai

Mguu mpya umepasuliwa, umepigwa randa, umetobolewa. Upande wake sahihi.

Jumamosi, 19 Julai

Uso wa meza. Mbao tatu za ubawa, kila moja imepunguzwa mpaka sm 14.

Kuunganisha mbao ubavu kwa ubavu ni kazi ya unyoofu. Mbili unazikunja kama kurasa za kitabu, unazibana pamoja na kuzipiga randa mbavu zote mbili kwa mara moja. Hata kama randa imeinama kidogo, ukizifungua kasoro ya huku inafidiwa na ya kule, na uso unalala sawa. Kisha unasimamisha moja juu ya nyingine mbele ya dirisha. Mwanga ukipita, rudi. Nimerudi mara sita.

Klempu ndefu sina. Babu alitumia kamba: mizunguko minne kuzunguka mbao zote tatu, kijiti katikati, unanyonga mpaka kamba iimbe ukiigusa. Juu na chini tukaweka mbao zilizopakwa mshumaa ili uso usibinuke. Gundi nyeupe ya mbao, na mbavu nilizipiga randa upya dakika chache kabla ya kupaka, kwa sababu mti mzito kama huu gundi haiupendi ukishakaa na kukusanya vumbi na mafuta yake.

Kuhusu ubao wa katikati. Una tundu la komeo, mviringo wa sm 3, pamoja na michubuko ya miaka ambayo chuma kimepita pale. Nilifikiria kuukata, lakini ubao mwingine wa upana huo sina, na ukweli ni kwamba sikutaka. Nimeziba kwa kizibo cha mpingo nilichopewa na mchonga vinyago, katika vipande vyake vya kutupa. Nimekichonga kikawa kinene kidogo kuliko tundu, nikakigonga, nikakisawazisha kwa patasi. Mweusi kwenye hudhurungi.

Jumamosi, 26 Julai

Kuunga. Kwanza pakavu, bila gundi, guni kila pembe, na kamba kutoka kona hadi kona: mishazari yote miwili ilitofautiana milimita moja. Nimekubali.

Ndimi zinashikwa na vijiti, na hapa ndipo Babu amenipa kitu kikubwa kuliko vyombo vyote. Nilitaka vijiti vya mpingo kwa ajili ya rangi. Akakataa: mpingo haupindi, unavunjika. Akaniletea fito za mkole, zile ambazo ukizikunja zinarudi. Tundu la kijiti linatobolewa kwenye mguu kwanza. Unaingiza ulimi, unauwekea alama, unautoa, na tundu la ulimi unalitoboa milimita moja na nusu karibu zaidi na bega lake, yaani pale ulimi unapoanzia kwenye ubao. Matundu hayalingani. Ukigonga kijiti kilichochongoka, kinajipinda kupita, na kwa kujipinda kinauvuta ulimi ndani ya mguu na kuushikilia hapo. Hakuna klempu. Gundi tone tu. Nilipogonga cha kwanza niliona kwa macho ule upenyo mwembamba kwenye bega ukijifunga.

Uso haukupigiliwa. Mbao hupanuka kwa upana msimu wa mvua na kusinyaa kipupwe kikirudi, hata kama ni milimita mbili, na uso uliofungwa kwa misumari utatafuta pa kupasukia. Nimechonga vishikizo sita vya mbao: kichwa kinaingia kwenye mfereji upande wa ndani wa fremu, mwili umefungwa kwa skrubu chini ya uso. Vinashika, na vinateleza.

Jioni nimejaribu vipako kwenye mabaki. Mafuta ya nazi yanapendeza siku ya kwanza lakini hayakauki kamwe, na baadaye yanachacha. Mafuta ya kitani yanakauka na rangi yake ndiyo nzuri kuliko zote. Matambara yake lazima yatandazwe nje au yalowekwe maji, maana yakikunjwa pamoja hupata moto yenyewe. Kilichoamua ni kitambaa cheupe. Nililaza kitambaa kibichi juu ya kipande kitupu usiku mmoja, asubuhi kina doa la njano. Mkongo unatoa rangi ukilowana, na Bibi hutandika vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe. Vanishi, basi.

Jumamosi, 2 Agosti

Vanishi koti la kwanza leo, la pili kesho, la tatu Jumatatu. Msasa mwepesi katikati. Si kazi ya kusimulia.

Cha kusimulia ni nyayo za miguu. Pale mbao inapokutana na sakafu ndipo maji na mchwa huingilia, kwenye ncha za nyuzi zilizo wazi. Mama mdogo hubangua korosho nyumbani, na mafuta yaliyomo ndani ya maganda hayapendwi na mchwa. Wazee walipaka mbao kwa hayo kabla ya dawa za dukani. Nimepata nusu kikombe. Ni mafuta makali: yanababua ngozi, na wabanguaji hujipaka majivu mikononi kwa sababu hiyo. Nimevaa glovu, nimesimamisha meza kichwa chini, nimepaka nyayo nne tu, na brashi nimeitupa. Juu, penye chakula, hayaruhusiwi kufika hata tone.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nusu ya mtaa imekwenda Lindi, kwenye maonyesho ya Ngongo. Mimi nimekwenda kwa Bibi.

Jana jioni niliipitisha dukani kwa jirani: kilo 7 na nusu.

Niliiweka barazani mbele ya kiti chake. Akakaa. Mabega yakatulia. Akaweka sahani, akaiondoa, akapitisha kiganja juu ya uso wote kama anavyopembua mchele, akafika kwenye kile kizibo cheusi na kidole kikasimama hapo.

"Komeo lilikuwa linakwama," akasema. "Ulitakiwa uinue kwanza, ndipo usukume." Kisha akaagiza redio iletwe.

Babu alikuja baada ya swala ya Ijumaa. Hakukaa mpaka alipopiga magoti kuangalia chini, vishikizo, viungo, kisha akaitikisa kwa kona moja. Hakusema kitu, akaomba chai, na chai yake akaiweka mezani.

Nilikwenda kuswali Alasiri. Niliporudi baraza lilikuwa tupu. Jua lilikuwa limeshafika pale, na Bibi alikuwa amehamia upande wa pili, penye kivuli cha mwembe: kiti, redio, kikombe, meza. Mjomba alikuwa amelala ndani. Hapakuwa na mtu mwingine. Kwenye saruji kulikuwa na mistari miwili ya rangi ya kahawia, kutoka ukutani mpaka kivulini, mafuta ya maganda hayakuwa yamekauka sawasawa.

Nimeifuta kwa mafuta ya taa na kitambaa. Jumamosi nitakata soli ya kandambili mbovu, vipande vinne vya sm 2.8, nivibandike chini ya miguu.